Wanamwita "Siku Mbili", lakini maji niliyafungulia mimi

Admin, ficha jina langu na la shamba. Nina miaka arobaini na minne, mke na watoto watatu, na ninaishi Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi. Kwetu Kongo, mjini Bukavu, nilisomea kilimo, vita vikanitoa kabla sijamaliza hata mwaka mmoja wa kazi. Hapa kambini wananiita Agronomu. Nitaeleza mambo kama yalivyofuatana, na nisipojua nitasema sijui.

Ninafanya kazi kwenye shamba la nguruwe, nusu saa kwa miguu kutoka kambini. Mwenye shamba ni Mmalawi anayeishi Lilongwe. Sina kibali cha kazi. Mimi ndiye niliyepima na kusimamia uchimbaji wa mabwawa matatu ya maji machafu ya mabanda. Katika la kwanza mavi hutuama chini. Katika la pili maji hukaa juani wiki kadhaa. La tatu lina matete, na mizizi yake husafisha kinachobaki. Baada ya hapo maji huachiwa yaingie kijitoni. Yakipita njia yote hayanuki. Nilijivunia kazi hiyo.

Chini kidogo, kandokando ya kijito, wamama waliotoka Fizi na Uvira wana mashimo ya kulowekea mihogo. Mihogo michungu lazima ikae majini mpaka ilainike na sumu itoke, kisha huanikwa na kusagwa unga wa bugali. Kwetu kando ya ziwa, kwenye joto, siku tatu zinatosha. Hapa kuna baridi, kwa hiyo kila mgeni hufundishwa kuhesabu siku nne. Asiyezitimiza hutapisha nyumba nzima. Hilo linajulikana na kila mtu kambini, na nyuma yake ndipo nilipojificha.

Mwaka jana mvua ilinyesha kuanzia Jumamosi bila kupumzika. Jumanne asubuhi ukuta wa bwawa la pili ulianza kupasuka. Nikampigia bosi simu. Akasema, "Fungua yaende. Mvua itayaosha." Nikavuta ubao unaozuia maji. Maji yalitoka meusi, yakapita kando ya matete, yakaingia kijitoni. Yalikuwa yamekaa siku tisa tu.

Jumatano mvua ilikatika. Nikiwa ukingoni nilimwona mama mmoja, nitamwita Mama Riziki, akitoa mihogo yake shimoni. Riziki, mwanawe wa miaka minne, alikuwa amechuchumaa kando yake akinywa maji ya kijito kwa viganja. Mama yake alinipungia mkono.

"Agronomu! Leo nguruwe zako zinanuka mpaka huku! Umezipa maharage?"

Nilicheka, na mimi nikampungia mkono. Kati yetu palikuwa na hatua kama hamsini. Kisha nikarudi mabandani.

Ijumaa Riziki alianza kuhara damu. Jumapili alifia zahanati.

Msibani, mama mmoja mkubwa wa kanisa aliuliza mbele ya watu, "Mihogo uliloweka siku ngapi?"

"Ine, mama."

"Ine za jua ao ine za mvua?" Alimaanisha kwamba siku nne za mvua na baridi hazitoshi.

Hakuna aliyemtetea. Mtu mwingine akasema alimwona akiitoa siku ya pili. Huo ni uongo. Jumamosi, nikitoka kazini, nilimwona kwa macho yangu akiiweka. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Nilikuwa nimeketi pale pale, kwenye benchi la wanaume.

Kabla wiki haijaisha alikuwa na jina jipya. Kwenye bomba la maji wanawake wenzake humwambia, "Siku Mbili, pita mbele, we uko na haraka." Unga wake haununuliwi. Mke wangu, ambaye si mtu mbaya, alimwaga ule tuliokuwa nao ndani.

Sumu ya mihogo huanza saa chache baada ya kula, kwa kutapika na kizunguzungu. Haileti damu siku mbili baadaye. Tena mihogo ile ilikuwa bado inaanikwa, na nyumbani kwake hakuna mwingine aliyeugua. Hayo nayajua. Nisichoweza kuthibitisha ni kwamba ni maji yangu, kwa sababu ng'ombe pia hunywa kijitoni humo, nami sikuchukua hata chupa moja ipimwe.

Nilikwenda Lilongwe, ofisini kwa bosi, City Centre. Nikamwomba bwawa la nne, na ruhusa ya kumwambia yule mama ukweli.

"Unajua au unadhani?" akaniuliza.

"Nadhani, bwana. Lakini nina sababu."

"Basi nenda polisi ukadhani huko. Swali la kwanza litakuwa kibali chako. La pili, vibali vya wenzako saba." Akafungua mlango. "Zikomo, asante. Rudi kazini."

Nikarudi kazini.

Wiki iliyopita Mama Riziki alikuja kwangu na beseni la mihogo. Alikataa kiti.

"Agronomu, hii iko siku nane. Gusa."

Niligusa. Ilikuwa imeoza, ikanipukutikia vidoleni. Haifai hata kwa nguruwe.

"Iko muzuri?" akauliza. "We ulisoma, niambie vraiment, kweli kabisa. Mi njo nilimuua, ni mimi? Mbele nilikuwa najua ni siku ine. Sasa batu banasema, banasema, mpaka nikihesabu napata mbili."

Nilimwambia aniache nifikiri. Alinishukuru, akabeba beseni lake. Jumapili, wakitoka kanisani, atakuja kuchukua jibu.

Mawingu yameanza kukusanyika tena. Bwawa la pili limejaa, ukuta ni uleule, na wamama bado wanaloweka pale pale. Nikisema, watu wanane tutapoteza kazi, na huenda tukafungwa. Nisiposema, yule mama ataendelea kuhesabu mpaka aamini. Ndugu zangu, mnishauri kabla ya Jumapili: nikimfungulia mlango, nimwambie nini?