Jagi la Mbegu ya Mgando

Jumapili, mwezi wa tatu. Asubuhi mvua, mchana jua kali.

Miaka mingi iliyopita, siku yangu ya kwanza katika kiwanda kidogo cha maziwa pale Kalangalala, Msimamizi alinikabidhi jagi kabla hata hajanionyesha choo.

"Hii ni mbegu, Shija. Mgando wa jana. Hauuzwi, hauonjwi."

Sijui kama nitaeleza sawasawa, maana niliishia darasa la saba. Maziwa yanagandishwa na vijidudu visivyoonekana. Kimoja hujigawa viwili, viwili vinne, vikila sukari ya maziwa na kuacha uchachu. Ni kama rashi ya machimbo ya Mwakitolyo: shimo likitema dhahabu watu wanafurika, na waliowahi kwa wingi ndio wanaoshika eneo. Kwa hiyo tulichemsha maziwa kuua vijidudu vingine, tukayapoza yawe vuguvugu, tukamimina mbegu ya kutosha. Vyetu vikijaa kwanza, ule uchachu unavizuia vile vibaya.

Tatizo alikuwa Bosi, mwenye kiwanda. Hakuwa mtu mbaya, niandike na hilo, mshahara hakuchelewesha. Ila kumnyima mteja hakuweza. Siku moja tulikuwa na oda ya mgando wa harusi ya kesho yake, nikakuta jagi limeoshwa, linang'aa.

"Bosi, mbegu iko wapi?"

"Nimempa mchimbaji, alikuwa na kiu. Nimekubakizia kwenye kikombe. Si unasema vinazaana?"

"Na vile vibaya navyo vinazaana!"

"Basi vyako vikazane."

Nikagawa kile kikombe kwenye ndoo zote. Kesho yake asubuhi maziwa yalikuwa na povu, yananuka. Mama wa bibi harusi alinusa, akanitazama mimi, siyo Bosi. Harusi ikanywa soda. Msimamizi akaenda kuomba mbegu kwa watu, na wiki ileile Bosi akaiuza tena!

Sasa nimestaafu. Jagi langu la mbegu liko nyumbani, na kila mtu nimemwambia lisiguswe. Leo nimetoka kanisani nikalikuta tupu.

"Kaja mgeni," akasema mke wangu. "Kaniamkia vizuri, ningemnyima?"

"Mama Kulwa, ile ilikuwa mbegu."

"Baba Kulwa, yale yalikuwa maziwa."

Miaka yote hiyo, labda mimi ndiye nisiyejua kueleza.

Jioni tumekula ugali na dagaa wa Nkome, bila mgando. Jagi liko kichanjani, limeoshwa vizuri sana.