Mistari Nyuma ya Friji

Friji yangu ilipoacha kugandisha, mwenzangu wa ghala la rangi ninakofanya kazi alinipa namba ya fundi mmoja wa Kamwokya. Nilipopiga simu ikapokelewa na mwanamke, Mkongomani kwa lafudhi yake. Akaniuliza maswali kama daktari. Taa ya ndani inawaka? Inawaka. Inanguruma? Kidogo, halafu inanyamaza. Akasema atafika kesho yake saa nne asubuhi, ila kabla ya hapo nitoe vyakula vyote, niivute friji kutoka ukutani, na niache nafasi ya mtu kuchuchumaa nyuma yake.

"Lakini usiizime, mama," akasema. "Keti karibu yake, usikilize. Andika inalia namna gani, na kila dakika ngapi."

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nimeishi Kampala miaka saba tangu nitoke Eldoret, na sikuwahi kuketi kusikiliza friji. Nilichukua kigoda na daftari. Tik. Mngurumo wa sekunde chache. Tik nyingine, kimya. Dakika nne baadaye, tena. Mwanzoni niliona aibu, mtu mzima kuandika "tik" kwenye daftari. Baada ya nusu saa nilikuwa nimesahau chai yangu. Nilitaka kujua ni nini kile kilichokuwa kinajaribu kuamka mle ndani na kushindwa.

Vyakula vilihitaji pa kwenda. Nilishuka kwa jirani wa ghorofa ya chini, mama Mganda ambaye kwa miaka miwili tulikuwa tukisalimiana ngazini tu. Nikamwomba nafasi kwenye friji yake. Hakuuliza mengi. Alipanda nami, akabeba samaki na nyama, mimi nikabeba maziwa na mboga. Tulipomaliza, akarudi juu bila kuombwa kunisaidia kuivuta friji.

Friji hiyo niliikuta humo humo nilipohamia, na sikuwahi kuisogeza. Nyuma yake tulikuta vumbi zito kama blanketi, kijiko cha plastiki, na ukutani, mistari ya penseli. Ilikuwa mifupi, imepangwa mmoja juu ya mwingine.

"Walikuwa wanapima watoto," nikasema.

Nikatazama tena. Mstari wa kwanza ulinifika kiunoni, wa mwisho ulinipita kichwa, na kati ya mmoja na mwingine hapakuzidi upana wa kidole. Hakuna mtoto anayekua hivyo. Jirani yangu aliigusa mistari kwa kidole. Kisha akaniambia kwamba kabla yangu palikaa mwalimu mstaafu, aliyepata kiharusi na mkono wake wa kulia ukafa. Muuguzi alimfundisha asimame akitazama ukuta, avipandishe vidole polepole kama mdudu, na pale vitakapokwama apige mstari.

"Mimi nasikia yeye kila asubuhi, dirisha wazi," akasema. "Yeye anahesabu kwa Luganda. Emu, bbiri, ssatu. Siku ingine anahesabu, siku ingine analia."

Nikamuuliza aliishia wapi. Alihamia kwa binti yake Masaka, akasema. Friji ilisogezwa pale siku ya kupakia, wabebaji walipotaka njia. Mzee alishuka ngazi amebeba mkoba wake mwenyewe, kwa mkono ule ule wa kulia.

Fundi alifika kesho yake kwa bodaboda, mama wa makamo aliyevaa koti la buluu. Kwanza aliomba daftari. Akalisoma lote bila kutabasamu, akasema nimesikiliza vizuri. Akachomoa waya, akachuchumaa, akatoa kifaa kidogo cha kuwashia mota na kukitikisa karibu na sikio langu. Kilicheza ndani kama punje kavu. Kimeungua, akasema. Akaweka kingine, kisha akapiga brashi mabomba ya nyuma mpaka vumbi likamjaa nyusi.

Aliposimama ndipo akaiona ile mistari. Nikamweleza habari ya mwalimu. Alisikiliza huku akijifuta mikono, kisha akasema bega lake la kulia limegoma tangu mwaka jana, kwa kuinua kompresa, zile mota nzito za friji. Usiku halimruhusu kulilalia. Hakuwa amemwambia mteja yeyote.

Akageukia ukuta. Akaweka vidole chini, akaanza kuvipandisha. Vilipanda hadi juu kidogo ya kifua, vikasimama, na nikaona taya lake likikazana. Kwa mkono wa kushoto akatoa penseli mfukoni.

"Mwenye nyumba atakasirika?" akauliza.

Nikamwambia achore.

Nikashuka kumwita jirani, naye akaja kumweleza alivyokumbuka: mara kumi kila asubuhi, polepole, na kuacha pale panapouma sana. Fundi akayarudia maneno hayo kwa sauti ili asiyasahau. Akawasha friji, ikanguruma bila kukata. Akaniambia niiache mbali na ukuta kwa shubiri moja, na nisirudishe nyama mpaka jioni. Kisha akatundika mkoba bega la kushoto, akauliza njia ya mkato ya kwenda Naguru, ambako mashine ya kufulia ilikuwa inamsubiri.