Maji Moto ya Bwana Glasi

Kaka yangu alikuwa akionja chakula cha mbwa. Nalisema hili mapema kwa sababu siku ya maziko watu walilisema pembeni huku wakiziba midomo, na naona ni bora liandikwe wazi na mtu aliyempenda. Alichukua punje moja, akaitafuna taratibu macho yakiwa kwenye dari ya stoo, kisha akaitema kiganjani na kuikagua. "Chumvi nyingi," alisema. Au, "Mafuta yamechacha." Mara chache sana alisema, "Hiki kinalika."

Alitunza stoo ya kampuni ya ulinzi kwa miaka kumi na tisa. Kampuni ilikuwa na mbwa ishirini na wawili, na kila kilichoingia midomoni mwao kilipita kwanza mikononi mwake. Walinzi walimwita Bwana Glasi, maana mzigo mpya ulipokuja alitumbukiza konzi ya punje kwenye glasi ya maji moto, akavuta kiti na kungoja kama mtu anayengoja majibu ya hospitali.

Mimi ni mdogo wake wa mwisho. Nilipofiwa na mume, kaka ndiye aliyeniombea kazi ya kupika kwenye kantini ya walinzi, hatua thelathini kutoka mlango wa stoo yake. Watoto wangu watatu waliishi kwa kazi hiyo. Naomba msomaji alikumbuke hilo, kwa sababu siku ninayoisimulia nilikuwa na miezi mitatu tu kazini.

Mwaka mmoja kabla ya siku hiyo, kaka alikosea. Alijua kwamba vilivyomo huandikwa kwenye mfuko kwa kufuata uzito, kizito kikitangulia. Ulipokuja mfuko ambao neno la kwanza ni "nyama", alifurahi, akatia saini bila glasi. Baada ya wiki kadhaa mbwa wakaanza kunyonyoka manyoya. Karani, jike mzee aliyepewa jina hilo kwa kuwa hukaa wima kama anaandika yanayosemwa, alijikuna sikio hadi likatoka damu. Ndipo kaka alipokaa chini kusoma mistari iliyobaki: unga wa mahindi, protini ya mahindi, pumba za mahindi.

"Wameyakata mahindi vipande vitatu, kila kipande na jina lake, ili nyama ionekane imetangulia," aliniambia. "Ukiyarudisha pamoja, nyama inakwenda mkiani. Tena nyama yenyewe imepimwa mbichi, na maji yake yote. Mimi nilisoma neno la kwanza nikafunga macho."

Kwake saini ilikuwa ushahidi mbele za Mungu. Alitubu kosa hilo kama mtu aliyeapa uongo mahakamani, na kila asubuhi alimpaka Karani dawa kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa siku yenyewe. Saa mbili na nusu asubuhi lori liliingia na mifuko sitini ya chakula kipya. Stoo ilikuwa imebaki na nusu mfuko. Meneja, kijana mwenye heshima zake lakini mwepesi wa kuahidi, alikuwa ameshawaambia wakubwa kwamba jambo limekwisha. Kilichokosekana ni saini ya mtunza stoo kwenye fomu ya kupokea mzigo.

Meneja alinifuata jikoni. Hakunisalimu.

"Mama, kaka yako ameanza mambo yake. Mwambie asaini. Nyinyi wawili mmo humu kwa hisani yangu."

Wakati huohuo nikasikia sauti ya kaka kutoka stoo: "Mdogo wangu, nisaidie maji moto!"

Nikabeba birika, meneja akanifuata nyuma. Mezani palikuwa na glasi yake yenye punje za mzigo mpya, fomu na kalamu. Mwuzaji aliyekuja na lori, shati jeupe limenyooka kama karatasi, alikuwa akiupigapiga mfuko kwa kiganja. Mbele ya mfuko palichorwa kipande kikubwa cha nyama nyekundu, na juu yake maandishi ya dhahabu: NG'OMBE HALISI. CHAGUO LA WATAALAMU.

"Wataalamu gani?" kaka aliuliza.

"Wataalamu, mzee wangu. Wataalamu wa lishe."

"Wana majina? Au nao ni mchoro, kama hiyo nyama?"

Dereva wa lori aliyeegemea mlango akacheka. Mwuzaji hakucheka. "Mzee, tazama hapa, protini asilimia ishirini na sita."

"Nimeiona. Manyoya ya kuku yana protini. Hata kiatu changu hiki cha ngozi kina protini. Nakuuliza imetoka wapi."

Nilipoinama kumimina maji nilimnong'oneza. Nimeyabeba maneno hayo hadi leo: "Kaka, saini tu. Ni mbwa. Mimi nina watoto."

Alinitazama bila hasira. Akasema polepole, mimi tu nisikie, "Mwaka jana nilisaini. Sikio la Karani mpaka leo halijapona."

Mwuzaji alikuwa amechoka kungoja. Akachota konzi ya punje, akatoka nje, akamtupia Karani aliyekuwa kwenye mnyororo wake kivulini. Karani akazilamba zote, akatikisa mkia, akaomba nyingine.

"Mnaona?" mwuzaji akapaza sauti. "Mwenye mdomo wake ameshasaini!"

Walinzi wawili wakapiga makofi. Niliona meneja anapumua kwa raha, nami, Mungu anisamehe, nikapumua pamoja naye.

"Amepewa peremende," kaka akasema. "Punje zimenyunyiziwa mafuta na harufu kwa juu, na mbwa hula kwa pua. Tungoje ya ndani."

Tukangoja. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Meneja alitazama saa, akaitazama tena. Punje zilivimba, zikapasuka, zikawa uji. Kisha kitu chekundu kikaanza kushuka kutoka kwenye uji huo, uzi mmoja, halafu nyuzi nyingi, mpaka glasi nzima ikawa nyekundu.

"Haa!" dereva akasema. "Mzee, hiyo sasa ni sharubati. Ongeza sukari tunywe."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Nyama iliyoiva haivuji rangi hivi," kaka akasema. "Hii wameipaka." Akaugeuza mfuko, akamwekea mwuzaji kidole chini kabisa, kwenye maandishi madogo kama sisimizi. "Tusomee, mwanangu. Macho yangu yamezeeka."

Mwuzaji akakohoa. Akasoma kwa sauti ya chini: "Yenye ladha ya ng'ombe."

"Ladha," kaka akarudia. "Endelea na vilivyomo."

Mahindi, mahindi, mahindi. Kisha mabaki ya wanyama, bila kusema mnyama gani. Kisha rangi.

Meneja alikuwa amebadilika uso. Nadhani aliona haya, na haya ikamtoka kama ukali. "Mzee, sikukuajiri kuwa mkemia. Saini, au weka funguo mezani."

Kaka alifungua kishikizo cha mkanda wake, akakitoa kicha cha funguo alichokibeba miaka kumi na mitatu, akakiweka mezani bila kukigonga. Kisha akaisogeza fomu mbele ya meneja na kuweka kalamu juu yake.

"Funguo hizo hapo, bosi. Ila fomu inataka jina la aliyekagua. Wewe umekagua, umeona na kusikia. Andika lako."

Meneja akaichukua kalamu. Akainama. Akaandika tarehe. Nilimwona anafika kwenye mstari wa jina, na hapo mkono ukasimama. Aliitazama glasi. Akamtazama mwuzaji, ambaye ghafla alikuwa na kazi ya kufunga mfuko. Nje Karani alikuwa bado anaomba.

Meneja akajinyoosha, akatia kalamu kwenye mfuko wa shati lake.

"Rudisha mzigo," akamwambia dereva, akatoka bila kumtazama mtu.

Funguo zilikaa mezani hadi saa kumi. Hakuna aliyemwambia kaka azichukue wala azikabidhi. Muda wa kulisha ulipofika, mbwa wakaanza kubweka, akazichukua akafungua mabanda. Siku hiyo walikula maini na unga niliowachemshia katika sufuria ya walinzi, na walinzi walinung'unika wiki nzima.

Kaka aliishi miaka sita baada ya hapo. Hakunikumbusha hata mara moja niliyomnong'oneza. Mimi nimemwomba Mungu msamaha, lakini yeye sikumwomba. Kila siku niliona kesho ipo. Alianguka mbele ya stoo mwezi uliopita, bakuli likiwa mkononi, na Mwenyezi Mungu akamchukua kabla hatujafika hospitali.

Juzi lori lilikuja. Mtunza stoo mpya, aliyeanza kazi Jumatatu, alishika kalamu huku akiusifu mfuko kwa uzuri wake. Hakuomba maji. Nikaenda jikoni, nikachemsha, nikarudi na birika na glasi ya kaka.

"Ya nini haya, mama?" akauliza.

Nikaiondoa fomu mbele yake, nikaweka glasi. "Vuta kiti," nikamwambia.