Kiboksi Chini ya Boneti

"Rudia kwamba gari letu limechezewa," mume wangu alisema, na kabla ya yeyote kujibu, akamtwanga fundi ngumi ya pua.

Damu ikaruka hadi kwenye kioo cha mbele.

Tulikuwa kwenye gereji ya kampuni iliyotuuzia gari. Ndilo ninalosambazia maziwa mashuleni. Asubuhi hiyo lilinifia njiani, nikalivuta moja kwa moja hadi pale. Nilimpigia mume wangu, Baba Pacha, akanikuta huko huko, jasho linamtiririka.

Pistoni ya injini imetoboka. Waranti, ile dhamana ya kutengenezewa bure, ikikataliwa, biashara imekwisha, na watoto wanakula kwa biashara hiyo.

"Baba Pacha, mwache."

"Nyamaza wewe. Hawa wamezoea kutuibia."

Meneja, mama mnene wa makamo, akaingia kati. "Mzee, tulia. Redio mmebadilisha, rimu mmebadilisha, hatuna neno. Rimu haiui injini. Lakini humu kuna kiboksi cha kuongezea nguvu, na injini imeungua kwa sababu yake. Hiyo waranti haibebi."

"Mmekichomeka nyinyi wenyewe."

Baba Pacha akaokota spana ya magurudumu.

Ikatua begani kwa fundi. Nilisikia mfupa ukilia kama kuni kavu. Fundi akaenda chini, teke likamfuata mdomoni. Jino likabiringika kwenye oili.

Hapo nikashtuka. Anayebishana naye ni meneja. Mbona kipigo chote anakula fundi? Na mbona mdomoni?

Spana ilipoinuka tena nilimrukia mgongoni, nikamng'ata sikio mpaka akaiachia. Sijutii. Walinzi wawili wakamlalia sakafuni.

Nikamwinamia fundi. "Kaka, mnajuana na huyu?"

Akatema damu kwanza. "Shemeji, kazi nimeshaipoteza, acha niseme. Kile kiboksi nilimfungia mimi, kwa siri. Kila Jumamosi anashindana mbio za magari na wenzake. Wateja wangu wote wa viboksi hunipigia kabla ya kuleta gari hapa, nakwenda kukichomoa, likitoka sevisi nakirudisha. Safari hii hakuwahi kunipigia."

Angewahi vipi? Gari nililivuta mimi.

Kwa hiyo zile hazikuwa hasira. Alikuwa anamfunga mtu mdomo.

"Mama Pacha," akaniita kutoka sakafuni, shavu limegandamizwa kwenye grisi, sauti tamu kama siku ya posa. "Tuyamalize nyumbani. Ukishikilia kwamba ni wao, injini mpya watatupatia tu."

Nyinyi mnaosoma, gari likiwa na waranti, fungueni boneti wenyewe na muulize kila msichokifahamu, hata kama na dereva mwenzenu mnalala kitanda kimoja. Na mtu akipiga kuliko anavyojieleza, tafuteni anachoogopa kisemwe.

Meneja alikuwa ameshika simu, ananitazama. "Mama, niwaite polisi, au haya ni ya kifamilia?"

Nilimtazama fundi akitafuta jino lake kwa mkono mmoja.

Nikaichukua ile simu, nikawapigia polisi mwenyewe.