Pima ya Mzee Mihayo

Kuna siku moja, mwanangu, hainitoki kichwani hata nikilala. Ni kiangazi, kule kwetu Goweko, na kisima kipya kimekwisha kuchimbwa. Aliyekichimba ni Mzee Mihayo, mtu mrefu mno, ambaye visima vyote vya kijiji vilitoka mikononi mwake. Kina alikipima kwa pima: alinyoosha mikono yote miwili kando ya kamba, akahesabu.

Mimi ndio kwanza nimemaliza shule, nikatumwa Tabora kununua bomba la kuvutia maji. Dukani nikataja pima alizonipa mzee. Mwenye duka, mtu mfupi, akanyoosha mikono yake mwenyewe, akakata. Niliporudi nalo tukalishusha kisimani, bomba lilining'inia juu ya maji bila kuyafikia.

Basi kina mama wakarudi kwenye madimbwi ya mbugani kuchota maji ya matope. Huko mama yangu aliteleza na ndoo, akaumia mgongo. Haukupona, mwanangu. Miaka mingi baadaye alikwenda kaburini ameinama.

Hasira ikanipanda. Kwenye mkutano nikasimama mbele ya wazee nikasema, "Mzee Mihayo, pima zako ni za watu wasiosoma. Siku hizi watu wanapima kwa mita!" Wengine wakacheka. Mzee akaokota jembe lake, akaondoka. Kazi ya kisima ikasimama.

Nilidhani mama atanisifu. Alikuwa amelala kwenye mkeka, akanitazama kwa uchovu. "Ulilosema ni kweli," akasema, "lakini umelisema kama kofi. Mikono ile ndiyo iliyotunywesha maji kabla hujazaliwa. Nenda kwake."

Nikaenda na utepe wa kupimia wa fundi cherehani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakuinua uso.

"Nimekuja kujua pima yako ni mita ngapi."

Akanyoosha mikono. Nikapima. Haikufika mita mbili.

"Kumbe mimi si mrefu kama nilivyojidhania," akasema, na tabasamu likamponyoka. "Na yule wa dukani?"

"Mikono yake mifupi, baba."

Akaikunja mikono yake. "Basi hakuna aliyeiba." Siku zote zile alikuwa akiamini amedhulumiwa na mwenye duka, na watu wakiamini yeye ndiye aliyekosea hesabu.

Kesho yake alifunga fundo kwenye kamba kila mita, akapima kisima upya, tukaunga kipande cha bomba kilichopungua, maji yakapanda. Baada ya hapo ni yeye aliyewafundisha wachimbaji wenzake. Mimi wasingenisikiliza.

Sasa nimezeeka, na bado nabishana na majirani hapa Ipuli, Tabora, juu ya kopo na debe la kupimia nafaka, kila mtu na la kwake. Nawaambia wapime kwa kilo, wananijibu, "Tumezoea, bibi." Mazoea yana taabu, mwanangu. Nimechoka, sikufichi.

Ila ukiwa na jambo jipya la kuwapa watu, usianze kwa kulitukana la zamani. Mkaribie mwenye kipimo chake, kipime pamoja naye, umwache aone mwenyewe. Na usikawie, maana wakati ninyi mnabishana, kuna mama yuko mbugani na ndoo kichwani. Ulimi laini huvunja mfupa.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe subira kubwa kuliko niliyopewa mimi, na kila utakachopimia watu kiwe cha haki.