Nilimrekebishia rafiki yangu profaili mpaka hakuonekana tena

Admin, nifichie jina, maana hata hapa Rodi Kopany watu wanasoma ukurasa huu.

Nina miaka ishirini na saba. Nina digrii ya ugavi na manunuzi, na tangu nimalize chuo miaka minne iliyopita sijawahi kuajiriwa. Namsaidia mama kuuza vitambaa dukani. Lakini kazi ninayoifanya kwa bidii kweli ni profaili yangu kwenye mtandao wa kutafuta kazi. Nimesoma kila ushauri. Picha nilipiga studio Migori nikiwa na koti la kuazima. Maelezo yangu nimeyaandika upya mara kumi na moja. Wanaonitafuta ni mawakala wa bima, na mwanamume mmoja wa Isebania aliyetaka kujua kama nimeolewa.

Rafiki yangu nitamwita Akinyi, ingawa si jina lake. Tulisoma sekondari pamoja. Yeye aliishia diploma ya uvuvi, akarudi kwao Mfangano kununua samaki ufuoni na kuwapelekea wenye hoteli. Mwaka huu nilimshawishi naye afungue profaili. Nitasema ukweli wote: nilitaka kuwe na mtu mmoja huko ninayemzidi.

Aliiandika mchana mmoja akisubiri mashua. Picha yake amevaa aproni, samaki mkubwa wa mbuta mikononi, anacheka mpaka ufizi unaonekana. Na maneno aliandika vile sisi Waluo tunavyojisifu kwenye sherehe, ile pakruok, unasimama unajitaja wewe na kwenu na mambo yako bila haya. "Mimi ni Akinyi, nyar Mfangano," aliandika, yaani binti wa Mfangano. "Nikifunua shavu la samaki nakuambia amekaa kwenye barafu siku moja au tatu. Wavuvi hawanidanganyi. Anayejaribu hajaribu tena."

Nilicheka peke yangu dukani. Nikasema watamchana kwa kejeli.

Hawakumchana. Watu walianza kumuuliza maswali, naye akawajibu kama anavyoongea. Baada ya wiki chache mama mmoja kutoka kampuni inayofungua kituo cha samaki mjini Homa Bay alimwandikia kwamba wanatafuta msimamizi wa ubora, kwamba amemsimulia bosi wake habari zake, na wiki hiyo bosi angefungua profaili amwone mwenyewe. Akinyi alikuja mpaka dukani kunionyesha ujumbe huo. Nilitabasamu. Kifuani nilikuwa nawaka kama mtu mwenye kiungulia. Miaka minne, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hata moja.

"Nyar Rodi, wewe ndiye msomi," akaniambia. "Nirekebishie kabla mkubwa hajaiona. Mimi nimeandika kama niko sokoni."

Akanipa nywila yake hapo hapo.

Nilikaa na profaili hiyo mchana kutwa. Sikuandika uongo, na hilo ndilo linalonitesa, kwa sababu kila badiliko naweza kulitetea mbele ya mwalimu yeyote. Shavu la samaki nililitoa, nikaweka tathmini ya ubora. Wavuvi wakawa wadau. Nyar Mfangano nikamfuta, nikaandika mtaalamu mwenye ari anayelenga matokeo. Badala ya picha ya mbuta niliweka picha yake ya pasipoti ya chuo, ile anayotazama kama mshtakiwa. Nilijua ninachofanya. Maneno hayo nimeishi nayo kwenye profaili yangu, najua vizuri kwamba hayamwiti mtu. Kabla ya kufuta ya kwake niliyanakili yote kwenye simu yangu, sijui kwa nini.

Akinyi alipoiona aliisogeza simu karibu na macho. "Yawa, huyu ni mimi?" akasema. "Hata naogopa kumsalimia." Kisha akanishukuru, na siku iliyofuata akanitumia omena, dagaa wa kwao ziwani.

Bosi aliifungua. Yule mama akamwandikia Akinyi kwa upole kwamba mkubwa wake hakumwona mtu aliyesimuliwa, aliona mtu kama wengine wote. Akinyi hakuwaza hata mara moja kwamba ni yale maandishi. Aliamua ni diploma yake. Sasa anasema samaki ni kazi ya wasiosoma, na mwezi ujao anataka kumwachia wifi yake wateja wote, aende Kisumu kutafuta digrii.

Nami, wiki ile ile, nilimwandikia yule mama nikaomba nafasi hiyo hiyo. Wameona digrii, wameniita kwa mahojiano Alhamisi. Sijawahi kuitwa mahali popote. Nililia kwa furaha, na bado wivu haukutoka, kwa sababu mimi nimeomba, yeye alitafutwa.

Nilimwambia Akinyi nimepata mahojiano. Sikusema wapi, naye hakuuliza. Jana, baada ya ibada ya Sabato, alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sijaisikia tangu akose kazi ile.

"Nimewaambia akina mama wa kanisa," akasema. "Jumatano nafunga kwa ajili yako. Safari hii Mungu lazima akuone."

Maneno yake ya zamani ninayo bado, na nywila hajabadilisha. Naweza kuyarudisha kimya kimya, lakini bosi ameshaamua, na Akinyi akiyaona atajua ni nani alikuwa ameyatunza. Naweza kumwambia kila kitu na kumpoteza, na labda aniharibie Alhamisi, na atakuwa na haki. Naweza pia kwenda, nipate kazi, ninyamaze maisha yangu yote. Hilo la mwisho ndilo ninaloliona likinijia lenyewe.

Leo ni Jumapili. Nishaurini mnavyoona, hata kama mtanitukana nitasoma. Ila msiniambie niombe tu, kwa maana anayeniombea ni yeye.