Sanduku Lenye Jina Langu

Iko siku moja haitoki kichwani mwangu, mwanangu. Kuikumbuka kunanichosha, kama vile vita hivi vinavyonichosha. Keti kidogo nikuambie.

Unanijua. Shule niliiacha darasa la nne, lakini uliza hapa Kalemie nani alichomea milango ya chuma ya nusu ya maduka ya mjini, nani alifufua jenereta ambazo mainjinia walikuwa wamekwisha kuzikatia tamaa. Watakuleta kwangu. Sikufundishwa na muntu. Macho yangu njo shule yangu.

Sasa, mwaka ule Korona ilipoingia, madaktari waliogopa. Mugonjwa akishindwa kupumua, daktari anamuinamia usoni na kumupitisha mupira mwembamba kooni, mpaka kwenye njia ya pumzi. Pumzi ya mugonjwa inamupiga daktari usoni. Mimi nikaona picha kwenye simu: sanduku la plastiki ngumu inayoonyesha ndani kama kioo cha dirisha, linafunika kichwa cha mugonjwa, lina matundu mawili ya mikono ya daktari. Siku tatu tu, nikalitengeneza. Nikaandika PAPA SHABANI kwa rangi nyekundu, nikalipeleka hospitali. Walinipigia makofi. Mji mzima ulisikia, kwa sababu mimi mwenyewe niliuambia.

Ugonjwa ukapungua. Vita havikupungua.

Miaka miwili baadaye, mudogo wangu Musafiri alipigwa risasi ya taya kwenye njia ya Kiambi. Walimuleta kwa pikipiki, siku mbili za matope. Alipofika shingo ilikuwa imevimba, na pumzi yake inalia kama msumeno. Mama yetu alikuwa ameniachia huyo mutoto mikononi kabla hajafa. Nilimubeba mwenyewe mpaka chumba cha dharura.

Dokta Furaha, binti mudogo kuliko wadogo zangu wote, akavaa maski na miwani. Wanafunzi wa udaktari akawatoa inje. Akasema kwa sauti, kila muntu asikie: “Mupira naweka mimi mwenyewe. Ukikataa kupita mara ya kwanza, tunamupa oksijeni tena. Ukikataa mara ya pili, napasua shingo apumulie pale. Kisu kiko wapi?”

“Kiko hapa,” akajibu Mama Anjela, muuguzi wa siku nyingi.

Mimi nikatazama huku na huku. Sanduku langu lilikuwa juu ya kabati, limejazwa pamba! Nikaimwaga pamba chini, nikaja kumufunika mudogo wangu kichwa.

“Papa, ondoa,” akasema dokta.

“Niondoe? Hii sanduku iliwalinda ninyi wote! Wewe ulikuwa ungali shuleni.”

“Ondoa, Papa. Anakufa.”

Nikalishikilia kwa mikono miwili. Midomo ya Musafiri ikaanza kuwa rangi ya majivu. Naye ananitazama, mwanangu. Mpaka leo ananitazama.

Mama Anjela akanipiga kofi kwenye mikono, kama unavyomupiga mutoto anayegusa sufuria ya moto. “Shabani! Shika mudogo wako ao shika sanduku. Chagua moja!”

Nikaliachilia. Mupira uliingia mara ya kwanza. Kifua cha Musafiri kikapanda, kikashuka, kikapanda.

Jioni ile nilimukuta Mama Anjela kwenye ngazi, amevua viatu, anakanda miguu. Nikamuuliza sanduku langu lilikosa nini.

“Halikukosa kitu. Wakati ule hatukujua ugonjwa, tukapokea kila kilichokuja. Kisha tukaona mikono ya dokta inakwama mule ndani, taya haigeuki vizuri, mugonjwa anachelewa. Tukaliacha. Maski tumebakisha. Mukono wenye uzoefu kuanza, tumebakisha. Kuambiana mpango kabla ya kugusa mugonjwa, tumebakisha.”

“Na hamukuniambia?”

Akacheka bila nguvu. “Nani angekuambia, Papa? Mwaka ule kila juma ulikuja kupangusa jina lako.”

Nikaenda kulichukua sanduku langu, nikalibeba mpaka nyumbani.

Musafiri anaishi. Sauti yake imekauka, lakini ananitukana nayo vizuri. Majeruhi wanaendelea kuteremka kutoka barabara ileile, na mimi bado nawabeba, mugongo umechoka. Sanduku liko nyumbani kwangu, vifaranga vya mke wangu vinaota joto mule. Jina bado linasomeka, nilitumia rangi nzuri.

Basi shika hili, mwanangu. Tengeneza vitu, na ujisifu kidogo kama umeweza, mimi sitakukataza. Lakini siku kazi yako inapomuzuia muntu kupumua, itoe wewe mwenyewe mbele ya wote. Na uishi kwa namna ambayo hata mudogo kuliko wote ataweza kukuambia “ondoa”, bila kuogopa.

Mungu akupe mikono yenye akili, na masikio yasiyochelewa kama yangu. Akurudishie wako wote kutoka barabarani wakiwa wanapumua. Amina. Sasa nisaidie kusimama, mugongo huu.